Hutoka, Hutoki

Kwanza uape. Si kuapa kwa mdomo huku macho yako mlangoni. Weka mkono kifuani useme binti wa wifi yangu hatalisikia hili kwako. Umeapa? Haya, sogeza kiti, maana mimi nikicheka sauti inafika mtaa wa pili, na hili si la mtaa wa pili.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, kazi yake kuandika hadithi za mchezo. Usinitolee macho, hata mimi nilicheka mbavu zikaniuma. Ni mchezo wa mezani. Watu wazima na vipara vyao wanazunguka meza, mmoja anasimulia nchi ambayo haipo, wengine wanajifanya mashujaa wa huko, na dadu ndiyo inaamua nani kafa. Kuna kitabu kinene cha sheria. Halafu kuna vitabu vya hadithi za nchi hiyohiyo, hivyo ndivyo vya wifi. Na tajiri wao, Mwenye Mchezo, aliweka neno moja halivunjwi: sheria zinasema mchezo unachezwaje, lakini kilichochapwa kwenye hadithi kimeshatokea. Wifi akimuua mfalme kitabuni, basi meza zote mfalme marehemu. Kipara kinalia machozi, nakwambia.

Sasa hadithi ya sita ilikuwa ya jini. Siku zilimwishia, akaona kubuni nyumba ya jini ni kazi, akaandika sebule yake mwenyewe. Mlango wa bluu, kiti cha mguu mfupi chenye karatasi chini, na saa iliyokufa. Uvivu tu, mwanangu. Jini akampa jina, silitaji, mimi namwita Mpangaji. Hakuwa mkali. Kazi yake kukaa. Na kumtoa rahisi, wifi aliandika: "Ukimwita jina lake mara tatu, hutoka."

Kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu herufi moja ikateleza. Kitabu kikasema: "hutoki."

Mimi niliishia darasa la nne, lakini hiyo naiona. Hutoka, anatoka yeye. Hutoki, hutoki wewe.

Wifi hakuiona. Nani anasoma kitabu alichokiandika mwenyewe? Alirudi sokoni mchana kweupe, akaketi, akashangaa kile kiti hakiyumbi. Miaka kumi kinayumba, leo kimetulia kama kimekaliwa kabla yake. Akainuka haraka. Kisha harufu ya wino mbichi, nyumba nzima, hata kwenye mchele. Kisha kopo la dadu kabatini: kach. Kimya. Kach. Kama mtu anarusha na kusubiri zamu ya mwenzake.

Akacheka peke yake, akasimama katikati ya sebule, akaliita lile jina mara tatu, kama alivyoandika.

Halafu akachukua mkoba aende kwa binti yake, maana mimba ilikuwa ya mwezi wa tisa na alishaahidi kuwa wa kwanza kumpokea mjukuu, na mguu wa kulia ulipogusa kizingiti ukafa ganzi, akaleta wa kushoto nao ukafa, akashika fremu na vidole vikafa kimoja kimoja, na nyuma yake dadu zikawa zinarushwa taratibu, kach, kach, bila haraka, kama vile aliyekaa kule anajua hakuna mtu anakwenda popote. Akarudi ndani. Ganzi ikaisha. Siku tatu anajaribu, na kila siku ganzi inabakisha kidogo mwilini.

Siku ya nne simu ikalia.

"Mama, nimejifungua. Wa kike. Ana pua yako."

"Sawa," wifi akasema.

"Huji?"

"Nitakuja." Akakata. Hakulia. Aliniambia alitafuta pa kulilia ndani yake, hakupaona.

Jioni ile mpanga herufi wa kiwandani, kasikia wifi hatoki nje, akaja dirishani, mzee wa watu, miwani imefungwa na uzi, ananong'ona kama mwizi.

"Dada, kosa ni langu. Palitakiwa a, nimeweka i."

"Basi rudisha a."

"Tajiri hataki. Wachezaji wameipenda hiyo i. Meza zote wanaogopa kumwita."

"Mjukuu wangu ana siku moja," wifi akasema, vilevile, kama anataja bei ya chumvi.

Yule mzee hakumuuliza tajiri tena. Alikwenda akabadilisha mwenyewe, chapa ya pili ikatoka na a yake, tajiri akagundua vitabu vikiwa vimeshafika madukani. Kilichochapwa kimetokea, angesema nini?

Nakala moja akaipitisha dirishani. Wifi akasoma: hutoka. Akaliita jina. Mara moja, harufu ya wino ikakatika. Mara mbili, dadu zikanyamaza. Mara ya tatu kiti kikayumba, maana aliyekikalia kainuka, na viatu vya wifi pale mlangoni vikavaliwa, mkoba wake ukabebwa, mlango wa bluu ukafunguka na kufungwa, na kule nje yule mzee akasema kwa furaha, "Dada, umetoka!"

Wifi alikuwa bado amesimama sebuleni na kitabu mkononi. Kupitia dirisha aliuona mgongo wake mwenyewe ukipiga kona.

Si aliandika hutoka? Mpangaji katoka. Kwamba na wewe utatoka, hakuandika.

Binti anamsifu huyo mama aliyefika kwake kulea mjukuu. Mtoto halii kabisa akiwa mikononi mwake, hata akiwa na njaa. Ndiyo maana nimekuapisha, maana binti akijua atamnyang'anya mtoto kwa nguvu, na mimi sijui yule akinyang'anywa anafanya nini.

Unauliza kaniambia nani. Jana wifi alinipigia simu kutoka kwa binti yake, sauti ya ukarimu, nipite nikamwagilie maua yake. Nikaenda. Nikainama kuingiza ufunguo, na aliyenisimulia yote haya, polepole, kupitia tundu la mlango wa bluu, ni wifi.