Nukta Nne za Raheli

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Raheli humsaidia mama yake, Magdalena, kuchambua mtama. Chochote kisichofanana na punje nzuri hutolewa kwenye ungo: kijiwe, kapi, punje iliyotobolewa na wadudu. Mama huyo hana mchezo na uji wenye mchanga, na pale kijijini Kinyangiri hakuna msichana wa darasa la saba mwenye vidole vyepesi kama vya binti yake.

Wiki moja klabu ya sayansi ya shule yao ilipata kazi ya aina yake. Mwalimu Bonaventura alitumiwa na rafiki yake wa chuo kikuu vipimo ishirini na vinne vya nyota moja ya mbali, iliyozeeka na kuvimba hadi kuwa kubwa mara nyingi kuliko jua letu.

"Sayari yake hatuioni," aliwaambia, "lakini ni kubwa, na inaivuta nyota. Mmewahi kumshika ndama mkorofi kwa kamba? Akikuzunguka, na wewe unayumba. Vipimo hivi vinaonyesha nyota inavyoyumba, mara inatusogelea, mara inarudi nyuma. Kila mmoja achore grafu yake. Aliyefanya vizuri zaidi nitakwenda naye kwenye maonyesho Singida Mjini. Nafasi ni moja."

Raheli hakuwahi kufika Singida Mjini, na safari hiyo aliitaka kwa moyo wote. Alipoweka nukta zake, ishirini zilipanda na kushuka kwa mpangilio mzuri. Nne za mwisho zilikaa kando, zikaharibu mchoro mzima. Vidole vyake vikafanya kilekile vilichozoea. Akazifuta.

Ijumaa mwalimu alibandika ukutani grafu mbili pekee zilizokuwa zimekamilika. "Safi sana, Raheli!" alisema. Kisha akasimama mbele ya grafu ya Hosea, anayekaa na Raheli dawati moja. "Hosea, hizi nne zimetoka wapi? Mbona unafanya kazi ovyo?"

Darasa likacheka. "Nimerudia mara tatu, Mwalimu," Hosea alijibu kwa sauti ya kulia, huku akitafuta ufutio.

Ili aende Singida, Raheli alihitaji kunyamaza tu. Alijaribu, akashindwa. Akasimama kwa aibu.

"Mwalimu, Hosea hajakosea. Mimi ndiye niliyezitoa kwenye grafu yangu. Zilikuwa zinaharibu mchoro, nikazichambua."

Mwalimu alichukua karatasi ya vipimo, akakagua namba moja baada ya nyingine. "Hosea, nisamehe," alisema. "Nimekukaripia kabla ya kuangalia." Akatoka nje kumpigia simu rafiki yake.

Aliporudi, alikuwa na jibu. "Nyota iliyozeeka inaweza kuvimba na kunywea yenyewe. Huenda nukta hizi zinaonyesha hilo, au huenda kuna sayari ya pili. Watapima tena. Tungezifuta, tusingejua hata kwamba kuna jambo la kuuliza. Grafu ya Hosea ndiyo itakayokwenda."

Jumamosi, Hosea alipokuwa ndani ya basi, Raheli alikuwa na ungo magotini. Alimweleza mama yake yote, na machozi yakamtoka.

"Mama, mbona mtama tunauchambua kila siku na si kosa?"

Magdalena alitupa kijiwe, akamfuta binti yake uso kwa ncha ya kanga.

"Mtama naujua tangu nikiwa mdogo, mwanangu, ndiyo maana najua cha kutupa. Hiyo nyota yenu mmeanza kuijua juzi. Kitu usichokijua, kiache kwenye ungo mpaka ukijue. Jana uliwaambia ukweli, umefanya vizuri. Haya, chambua, maji yanachemka."