Bibi Yangu Anakuja Jumapili

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, taratibu, kabla hapajapambazuka. Papa Mwamba alikuwa jikoni anamkorogea binti yake chai, katika nyumba yao ya ghorofani huko Anderlecht, Brussels. Kifua kilimwamsha mapema siku zote, naye aliona heri kuamka kwake kumfae mtu. Régine aliinywa chai amesimama, akavaa koti jekundu, akafunga kitambaa cha kitenge kichwani na kwenda soko la Jumapili penye stesheni ya Gare du Midi.

Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Mvua ilinyunyiza, kuku wa kuchoma walinukia, wauza zeituni walishindana kwa sauti. Alikuwa anachagua majani aliposikia Kiswahili nyuma yake.

"Samahani dada, hicho ni kisamvu?"

Aligeuka. Kijana mrefu, suti ya buluu, tai ya hariri, kwapani kibao chenye jina la Mzungu.

"Kisamvu njo nini? Hii ni sombe."

"Ni kitu kilekile."

"Bon, kama ni kilekile, juu ya nini unaita vibaya?"

Kijana akacheka. "Naitwa Waziri. Mtu wa Tanga, ila nimekulia Uingereza, Leicester."

"Waziri wa nini? Wa mvua?"

"Wa kubeba mifuko, ukikubali."

Alimfunika kwa mwavuli wake mpaka kituo cha basi, bega lake mwenyewe likilowa, kisha akakimbia kumpokea mgeni wa treni ya London. Régine alilifikiria bega lile njia nzima.

Simu zikaanza.

"Allô, ua langu, umekula?"

"Nimekula. Na weye, Monsieur le Ministre?"

"Mkate."

"Mukate! Mwanaume muzima! Ukuje, nikupikie bukari, ile munaita ugali."

Siku moja Régine aliuliza, "Kazi yako njo gani, kweli?"

"Nishati."

"Njo nini, nishati?"

"Umeme, mpenzi. Mambo ya umeme."

Hakudanganya, lakini alipunguza. Ofisi yake ilikuwa msemaji wa wenye mitambo ya nyuklia, na kazi yake ilikuwa kuandika maswali. Wabunge wa Uingereza walikaribishwa Brussels, wakalishwa vizuri, wakarudi London na kuyauliza maswali yale bungeni kama yaliyotoka vichwani mwao. Mwaka huo, 1997, uchaguzi wa Uingereza ulikuwa unakaribia. Ofisi ikaacha kualika wabunge wa chama kilichotawala, ikaalika wa chama kilichotarajiwa kushinda. Maswali yalibaki yaleyale.

Waziri angeyasema yote mapema, kama Régine asingemsimulia habari za baba yake. Ujanani, enzi za Wabelgiji, Papa Mwamba alichimba urani mgodini, si mbali na Likasi, huko Katanga, Kongo. Hakuna aliyewaeleza vumbi lile ni la nini. Kifua chake hakikupona. Tangu asikie hayo, Waziri hakupata tena pa kuanzia.

Alhamisi moja mchana, Régine alienda kuhudumia wageni katika nyumba kubwa huko Uccle, pamoja na maman Claudine aliyepika karamu za watu. Aliingia na bakuli la supu, gauni jeusi, aproni nyeupe. Mezani alikaa mbunge kutoka London, mwenye uso mwekundu na mpole. Pembeni yake alikaa Waziri, anawatafsiria Wabelgiji kwa Kifaransa.

"Huu ni umeme safi," Waziri alikuwa anasema, "usiomdhuru mtu yeyote, tangu mgodini hadi nyumbani."

Upawa ukasimama hewani. Régine alisema kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti, "Waziri. Haizuru muntu? Papa yangu, ulimuuliza?"

Mbunge akatabasamu. "Anasema nini?"

Waziri alimtazama mkuu wake wa ofisi, aliyekaa ng'ambo ya meza, akamtazama Régine. "Anauliza kama utaongeza supu."

"Ndiyo, tafadhali! Tamu sana."

Régine akampakulia. Alipofika kwa Waziri aliinama. "Unaona? Hata miye umeniandikia swali."

Tangu hapo simu ilipolia Anderlecht, aliyeinua alikuwa Papa Mwamba.

"Mutoto, anasema haiko. Iko anasimama hapa pembeni yangu."

"Papa! Usiseme hivyo!"

Hatimaye Régine akaichukua. "Sema."

"Nina jambo la kukuambia uso kwa uso. Bibi yangu anakuja Jumapili, nitakuja naye."

"Bibi yako?"

"Yuko Leicester siku zote. Nimemweleza habari zako, amefurahi sana."

"Bibi yako amefurahi?"

"Sana! Anasema tutaelewana sisi sote. Amekununulia hata kanga."

Régine akaibamiza simu. Kwao Katanga, bibi ni mke. Alilia juu ya sinki, anaosha sahani zilizokwisha kuoshwa.

Papa Mwamba alimpa taulo. "Donc, muntu anakuja na bibi yake, tutamupa kiti. Atakuwa amechoka na safari."

Jumapili Régine alivaa gauni la kijani na hereni ndefu. Hakutaka mke wa mtu amkute na macho mekundu na kanga ya jikoni. Mlango ukabishwa. Mbele yake alisimama kikongwe mdogo, koti la sufu juu ya kanga, ameshika mkono wa Waziri, anahema kwa ngazi. Régine akachungulia nyuma yao.

"Na bibi iko wapi?"

"Ndiye huyu," alisema Waziri. "Bi Nuru. Bibi yangu, mzaa mama."

"Nkambo!" Régine akaegemea ukuta, anacheka na kulia pamoja. "Sema nkambo, weye! Kwetu bibi njo muke!"

"Mke?" Bi Nuru akamgeukia mjukuu wake. "Nimekunyoa nywele za uchanga, leo unanitangaza mke wako?"

Papa Mwamba alicheka mpaka akakohoa. Waziri hakucheka. Alimshikia kikombe cha maji hadi kifua kilipotulia, kisha akakaa mbele yake.

"Papa, mimi ndiye niliyeandika yale maneno ya mgodini. Nilijua habari zako, nikayaandika. Siku ileile ya karamu, nilipompeleka mbunge kituoni, nilimwambia yule dada hakuuliza supu. Nikamfikishia swali lake lote."

"Alijibu nini?" Régine aliuliza.

"Alisema inasikitisha. Akapanda treni. Kesho yake mkuu wangu akaniambia nisirudi kazini."

Bi Nuru alisogeza mto nyuma ya mgongo wa mzee, kimyakimya, kama aliyemzoea miaka.

"Sasa uliza," alisema Papa Mwamba.

"Niulize nini, Papa?"

"Ile swali. Uniulize miye."

Waziri alivua koti lake. "Papa, huko mgodini ilikuwaje?"

Mzee akaanza kusimulia. Alitaja majina ya wenziwe, nyimbo za asubuhi, rangi ya mawe, njano na kijani, mazuri kuyatazama. Kumbe hata Régine hakuwahi kuyasikia mengi ya hayo. Sombe ilipoa. Akainuka, akaipasha moto, akamjazia Waziri sahani kwanza, na mkono wake ukabaki begani mwake.

Jioni, mlangoni, Bi Nuru alimfunga Régine kanga mpya kiunoni.

"Mama Nuru, safari njema, asante sana," alisema Papa Mwamba. "Na weye, kijana, sijamaliza. Ukuje tena Jumapili ingine."

"Bibi anarudi Leicester kesho, Papa. Nitakuja peke yangu."

Mzee alimtazama binti yake, aliyejifanya anatafuta ufunguo.

"Bibi iko hapa," alisema. "Ukuje tu."