Wapi Hapo, Mkuu?

Kila alasiri, akishatoka shule na kuvua sare, msichana mmoja wa darasa la sita alikwenda kusaidia kwenye duka la mjomba wake, fundi cherehani. Kazi yake ilikuwa kukata nyuzi zilizobaki, kushona vifungo na kutumwa huku na kule. Kutumwa ndiko alikopenda, maana kukaa kitako kulimshinda. Akimaliza kifungo kimoja, atasimama achungulie barabarani. Akimaliza cha pili, atakwenda kunywa maji wakati hana kiu. Alikuwa kiguu na njia tangu siku aliyojua kutembea, na nyumbani wakamwita Kiguu, basi.

Ukuta wa mbao nyembamba ulilitenga duka la mjomba na kibanda cha kinyozi. Kinyozi huyo aliitwa Redio, na ukimsikia kwa dakika moja hukuhitaji kuuliza kwa nini. Alinyoa huku anasema, na mjomba akamjibu kutoka upande wa pili bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Fundi! Umesikia mpira wa jana?"

"Nimesikia. Si umenisimulia asubuhi?"

"Asubuhi ilikuwa kipindi cha kwanza. Sasa nakuja na cha pili!"

Wateja wa pande zote mbili wakacheka.

Siku moja ya mapumziko, mjomba alimchukua Kiguu kwenda kuvua samaki. Mama yake Kiguu, anayefanya kazi ya kufua na kupiga pasi nguo za watu, aliwaazima simu yake ili wasipotee bila habari. Walitoka mjini kidogo, wakafika kwenye lango la mbao. Ndani yake mlikuwa na kitalu: safu kwa safu za viriba, vile vimfuko vyeusi vya plastiki vilivyojazwa udongo, kila kimoja na mche wake mchanga. Mwenye kitalu, mwanamke mrefu aliyefahamika kama Mama Miche, aliwapungia mkono na kuendelea kumwagilia.

"Hapa tunapita kwa hisani yake," mjomba alisema kwa sauti ya chini. "Tembea juu ya ubao, usikanyage kiriba hata kimoja. Na komeo la lango tulirudishe kama tulivyolikuta."

Nyuma ya kitalu palikuwa na shimo kubwa ambamo zamani watu walichimba mawe. Mvua za miaka mingi zimelijaza maji, na maji yamejaa perege.

"Watu hawapajui?" Kiguu aliuliza.

"Mimi na Redio tu."

"Redio!" Kiguu aliziba mdomo asicheke. "Mjomba, umemwambia Redio?"

"Hata mimi siku nilipomwonyesha sikulala vizuri. Lakini mpaka leo yuko kimya. Haya, tia nyungunyungu kwenye ndoana, acha maneno."

Hazikupita dakika nyingi, mshipi wa Kiguu ukavutwa chini kwa nguvu. Alipiga kelele, akavuta, akateleza, mjomba akamshika kiuno. Akatoka perege mnene, mpana kama sinia dogo. Mjomba alimpiga picha amemkumbatia samaki wake kifuani. Kwenye picha uso wa Kiguu haukuonekana, ila mikono, samaki na maji nyuma.

Jioni, mama akiwa jikoni, Kiguu aliketi na simu akidai anafanya hesabu. Mama alikuwa amejiunga na kundi la wavuvi wa ndoana mtandaoni ili kumtafutia kaka yake ndoana nzuri. Lilikuwa kundi la watu wengi kuliko shule nzima. Kiguu aliiposti picha humo, akaandika: "Wa leo huyu!"

Simu ikaanza kutetemeka mkononi.

"Hongera mkuu!"

"Samaki anaonekana kala vizuri kuliko mimi."

Halafu mtu akauliza: "Wapi hapo, mkuu?"

Kiguu alicheka peke yake. Kwenye akaunti ya mama palikuwa na picha ya ua tu, basi watu wakadhani ni mwanamume mzima mwenye ndevu. Lakini swali halikuisha. "Mkuu, wapi?" "Wapi, bosi wangu?" "Mbona kimya, mkuu?" "Mwacheni huyo, mchoyo."

Neno hilo la mwisho lilimchoma. Aliiweka simu mezani, akaichukua tena. Akaenda mlangoni, akarudi. Nyumbani kwao mtoto akiulizwa na mkubwa hujibu. Kukaa kimya ni utovu wa adabu, na hawa wote walionekana wakubwa. Pia, tuseme ukweli, kuitwa mkuu kulikuwa kutamu. Akafungua ramani, akatafuta lile shimo la mawe, akaituma ramani ikiwa na alama ya mahali penyewe.

"Mpitie kwenye lango la mbao," akaongeza, ili wasihangaike.

"Ubarikiwe, mkuu!" "Huyu ndiye mtu!"

"Kiguu!" mama aliita. "Hesabu zimeisha?"

"Bado kidogo, mama."

Wiki ile yote hakutulia. Mama hakulifungua kundi lile mara kwa mara, lakini Kiguu kila alipoishika simu alikuta watu wapya wanamshukuru, na kila shukrani ilimfanya atamani nyingine. Lakini chini ya furaha palikuwa na kitu kinachomkwaruza, kama uzi uliosahauliwa ndani ya kola ya shati.

Siku ya mapumziko iliyofuata, yeye na mjomba walipofika karibu na kitalu, walikuta pikipiki zimeegeshwa kila mahali. Lango lilikuwa limelala chini, bawaba moja imeng'oka. Watu wasiowajua walikuwa wakitoka na ndoo na fimbo za kuvulia, wengine wakikatiza katikati ya safu za miche. Viriba vilikuwa vimepasuka, udongo umemwagika, na miche iliyonyooka juzi sasa imelala kama nyasi zilizokatwa.

Mama Miche alisimama katikati, keni ya kumwagilia mkononi.

"Fundi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko Kiguu alivyotarajia. "Mimi nilikupa njia wewe. Sikuupa mji mzima."

"Mama, mimi sijamwambia mtu..."

"Basi imejisema yenyewe. Hii miche ilikuwa na wenyewe wanaoisubiri. Nitawaambia nini?" Alinyoosha kidole kwenye lango. "Naweka kufuli. Na wewe pia usije tena."

Njia nzima ya kurudi mjomba alitangulia kwa hatua ndefu. Kiguu alitembea nyuma yake, mara akimkaribia, mara akibaki. Alipofika nyumbani aliomba simu, akaenda kujifungia chooni, akaifuta ile posti yote: picha, ramani na shukrani. Alidhani atapumua. Hakupumua. Watu walikuwa wameshatumiana ile ramani, na kwa kuifuta hakuwafuta wao. Alichofuta ni ushahidi tu.

Asubuhi yake mjomba alisimama mbele ya ukuta wa mbao.

"Redio! Umemwambia nani?"

"Nimemwambia nani nini?"

"Wanaopajua ni wawili. Mimi sikusema. Hesabu mwenyewe."

Mashine ya kunyolea ilizimwa. "Fundi, mimi nimesema ya mpira, nimesema ya harusi za watu, nimesema mpaka ya meno ya bandia ya mkwe wangu. Lakini pale sijapataja hata kwa mke wangu. Yeye anajua naenda kumsalimia kaka."

"Na kaka yako unamwambia unakwenda wapi?"

Mteja mmoja akacheka. Redio hakucheka.

Kuanzia siku hiyo ukuta ukanyamaza. Mashine ilinguruma upande ule, cherehani ikalia upande huu, na katikati hapakuwa na neno. Wateja walijikuta wakiongea kwa kunong'ona kama wako kwa daktari. Kiguu alijidunga sindano, akashona kifungo upande usio na tundu, akafumua, akakosea tena. Alikwenda kunywa maji mpaka tumbo likachezacheza.

"Una nini wewe?" mjomba aliuliza. "Minyoo?"

"Sina kitu, mjomba."

Siku moja mjomba alitoa chini ya meza kopo la ndoana na mshipi uliozungushwa kwenye kijiti. "Mpelekee Redio vitu vyake. Mwambie na mimi anirudishie vyangu."

Kiguu aliona miguu imekuwa mizito, yeye ambaye kutumwa kulikuwa starehe yake. Alizunguka, akaingia kwa kinyozi. Hapakuwa na mteja. Redio alikuwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, akijitazama kwenye kioo.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba." Alilipokea kopo, akalitazama, akaliweka chini polepole. Kiguu alingoja aseme kitu cha kuchekesha. Badala yake Redio akauliza, bila kugeuka kutoka kwenye kioo:

"Na wewe, Kiguu? Na wewe unaamini ni mimi?"

Ameulizwa na mkubwa. Angeweza kusema hajui. Angeweza kukimbia. Mara hii alijibu, na alijibu kwa sauti kubwa, akijua mbao zile hazizuii hata kikohozi.

"Hapana, anko. Ni mimi! Niliposti picha kwa simu ya mama. Wakaniuliza wapi, nikawatumia ramani. Halafu nikaifuta ili nisijulikane."

Ng'ambo ya ukuta cherehani ilisimama.

Redio aligeuka na kiti chake, macho yamemtoka. "Wewe? Na huu mdomo wangu umesingiziwa kazi ambayo haukuifanya!"

Mjomba aliingia na futi yake ya kupimia shingoni. Hakumtazama Kiguu kwanza. Alimwendea Redio, akasimama, akakosa pa kuweka mikono.

"Ndugu yangu, nisamehe. Nilihukumu jina lako. Wewe sikukusikiliza."

"Nitafikiria," Redio alisema, akajifuta uso kwa taulo la wateja. "Nimeshafikiria. Kaa nikunyoe, unatisha."

Ndipo mjomba akamgeukia Kiguu, na Kiguu akalia.

Mama aliposikia habari ile, alizima jiko kwanza. Aliketi kitandani, akamvuta Kiguu karibu, akamshika mkono.

"Nimekasirika," alisema. "Nitakuwa nimekasirika mpaka kesho hivi. Lakini simu ni yangu, na mtoto ni wangu, kwa hiyo kwa Mama Miche tunakwenda wote."

Kabla ya kwenda, Kiguu aliandika tena kwenye kundi lile, mama akisoma juu ya bega lake. Aliandika na kufuta, akaandika tena: "Mimi si mkuu. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita. Nilitoa mahali ambapo si pangu, na njia yake inapita katika kazi ya mtu. Miche yake imeharibika. Naomba msiende tena, na mliyemtumia ramani mwambieni. Naomba msamaha."

Wengine walimcheka. Mmoja aliandika kwamba maji ni ya Mungu. Lakini mwanachama mmoja mkongwe wa kundi aliandika: "Kosa si la mtoto peke yake. Sisi wazee tulimzingira kwa 'wapi, wapi'. Uliza chambo, uliza ndoana. Mahali mtu akitaka kukupeleka, atakupeleka." Wengi waliiunga mkono komenti hiyo, na mmoja aliahidi kuleta viriba vipya. Kweli akavileta.

Si wote waliosikia. Siku ya mapumziko wachache walikuja tena. Walimkuta Redio amesimama langoni, na Redio akawaeleza. Aliwaeleza habari ya miche, ya kufuli, ya mpira, na alipoanza ya meno ya mkwe wake, walikuwa wameshawasha pikipiki.

Ndani, mjomba alipigilia bawaba ya lango. Mama na Kiguu, wakiwa wameshaeleza yote na kuomba msamaha, walichuchumaa karibu na rundo la udongo, wakijaza viriba chini ya jicho la Mama Miche, ambaye hakuwa amewaambia wakae wala waondoke. Alikipima kila kiriba kwa kidole, kilicholegea akakirudisha.

Mwishowe aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kufuli litabaki," alisema. "Fundi na Redio wakitaka kupita, watabisha hodi niwafungulie. Sio kama zamani, lakini watapita." Akamtazama Kiguu. "Hebu niambie. Ulitaka kunidhuru?"

"Hapana, mama. Waliniuliza. Niliona vibaya kunyamaza."

"Sikia, mwanangu. Samaki ulimvua wewe. Mwonyeshe, jisifu, hiyo ni haki yako. Lakini mahali ulionyeshwa na mjomba wako, na mjomba wako alipewa njia na mimi. Kitu kikifika mkononi mwako kwa kuaminiwa, si chako kukigawa, hata kama wanaokuomba ni wakubwa, hata kama wanakuita mkuu. Na huko kwenye simu ukishasema, husemi na mmoja. Unasema na watu usiowaona, na neno haliitiki ukiliita lirudi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Sasa kesho ukiulizwa tena, utajibu nini?"

Kiguu alifikiri, mikono yake imejaa udongo.

"Nitasema, ngojeni nimuulize mwenyewe."

Mama Miche alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonja kitu akakikuta kimekolea.

"Hilo ni jibu la adabu," alisema. Akausogeza mche mmoja mchanga mbele ya Kiguu, na kwa vidole viwili akamwonyesha jinsi ya kuushika bila kuubana shina. "Haya. Huu uupande wewe."