Samaki Walibaki Wangapi?

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza maneno yake, nyumba ya Assumani ilikuwa imekwisha amka. Nyumba hiyo ilikuwa katika kijiji kidogo kando ya mto Tshopo, nje ya Kisangani. Mke wake, Mama Fatouma, alifagia uwanja. Koko Binti, mama mkwe wake, alifagia tena palepale, kwa sababu aliamini kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayejua kufagia. Assumani mwenyewe hakuwepo siku za kazi. Alikuwa anavunja mawe kwenye ujenzi wa bwawa la umeme. Alirudi nyumbani Jumamosi jioni, akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Kisha Fatouma, binti yao, alitoka ndani. Alikuwa msichana wa miaka tisa. Ameoga, amesukwa nywele, gauni la shule limenyooshwa. Koko Binti alimtazama mdomo kama askari anayekagua mzigo.

"Hujakula kitu?"

"Hapana, Koko."

"Hata kipande cha muhogo?"

"Hata kipande."

"Bon. Enda. Kichwa iko wazi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile. Mtoto anayekwenda kusoma hali kwanza. Koko Binti alisema kwamba chakula kikitangulia, kinajaza nafasi yote, na masomo yakifika yanakuta mlango umefungwa. Yeye mwenyewe alisoma Kurani utotoni, katika chuo cha marehemu mzee Alfani. Huko hakuna mtoto aliyekula kabla ya kusoma. Kaka zake walifanya hivyo. Mume wake alifanya hivyo. Ukoo mzima uliingia katika elimu na tumbo tupu, na ulijivunia jambo hilo.

Kulikuwa na tatizo moja dogo. Fatouma alilala darasani.

Hakulala ovyo. Alilala kwa heshima: mgongo umenyooka, mikono juu ya meza, macho nusu wazi, kama mtu anayesali. Kwa muda mrefu mwalimu Hilaire aliamini kwamba huyo ndiye mwanafunzi wake msikivu kuliko wote. Siku alipomuuliza swali, Fatouma alijibu kwa kukoroma.

Jumamosi moja jioni mwalimu alikuja nyumbani. Alikuwa kijana mwembamba mwenye viatu vilivyong'aa. Alipewa kiti, akakaa, akakohoa.

"Papa Assumani, sikuja kugombana," alisema. "Mutoto wako analala. Na mimi nina mabenchi machache. Kijiji cha pili kina watoto wanaongoja nafasi. Kabla ya likizo kubwa kutakuwa na mtihani. Asiyepita, nafasi yake anapewa mwingine. Ni amri ya shule, si mapenzi yangu."

Fatouma, aliyekuwa anachambua mchele, aliacha kuchambua. Shule ilikuwa moja tu. Mtoto akitoka pale, alikuwa ametoka kabisa.

"Labda ni ugonjwa wa malale," Assumani alisema polepole.

"Hapana," alisema Mama Fatouma. "Timu ya malale ilipita mwezi uliopita. Walimpapasa shingo, wakampima damu, hawakuona kitu. Na hapa nyumbani mchana hasinzii. Anapanda miti." Alimgeukia mwalimu. "Hajui kitu chochote?"

"Ah, kusoma anajua. Anasoma kuliko wengi. Lakini hesabu, hakuna. Hata moja."

Mama Fatouma hakujua kusoma wala kuandika. Lakini alikuwa na tabia ya kutoacha jambo mpaka alijue mwanzo wake. Alifikiri. Kwa nini herufi ziingie na hesabu zibaki nje? Kichwa si kilekile?

"Hesabu ni nzito zaidi," Koko Binti alieleza, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuzipima. "Na wewe, mwalimu, usikasirike. Sauti yako ni tamu sana. Inabembeleza. Jaribu kuwa mubaya kidogo."

Mwalimu Hilaire alikuwa mtu wa heshima, naye alikubali ushauri wa wakubwa. Jumatatu alifundisha kwa sauti mbaya. Mtoto mmoja wa benchi la mbele alilia. Wawili waliomba kwenda nje na hawakurudi. Fatouma alilala.

"Bon," alisema Mama Fatouma aliposikia habari hizo. "Kesho naenda kuangalia mimi mwenyewe."

"Mama wa nyumba kukaa benchi moja na watoto?" Koko aliuliza.

"Nitakaa nyuma."

"Basi usile asubuhi. Unaenda kusoma. Sheria ni sheria."

Kwa kawaida Mama Fatouma alionja hiki na kile akiwa jikoni, na hakuna aliyemhesabia. Asubuhi ile hakuonja kitu. Alifunga kitambaa kizuri kichwani, akamshika mwanawe mkono, wakaenda. Njia ilikuwa ndefu. Walipita kwenye michikichi, wakavuka kijito juu ya gogo, wakapanda kilima chenye udongo unaoteleza. Walifika wakitoka jasho.

Darasani kazi ya kwanza ilikuwa kusoma. Fatouma alisimama, akasoma ubao kwa sauti safi, bila kujikwaa. Mama yake alitazama kulia na kushoto, kuona kama wengine wamesikia. Baadaye waliimba. Baadaye waliandika. Jua liliingia mlangoni, likapanda miguuni, likafika magotini. Ndipo mwalimu akaanza hesabu.

"Mvuvi Daudi amevua samaki thelathini na wawili," alisema, akiandika ubaoni. "Kumi na watano amewauza sokoni."

Mama Fatouma aliwaona samaki wale. Walikuwa wanene. Aliwaona wakikaangwa na pilipili. Pembeni palikuwa na lituma, ndizi zilizopikwa na kupondwa vizuri, bado zinatoa moshi. Mvuvi Daudi alimkaribisha kwa ukarimu mkubwa. Mama Fatouma alinyoosha mkono.

Alipofungua macho alikuwa sakafuni. Darasa zima limesimama kumtazama. Ni mtoto mmoja tu ambaye hakuona ajabu hilo. Fatouma alikuwa amelala, mgongo umenyooka.

"Mama Fatouma," mwalimu Hilaire alisema kwa upole. "Hata wewe?"

Njiani kurudi nyumbani, walipofika kwenye gogo la kijito, Mama Fatouma aliuliza.

"Fatouma, wale samaki walibaki wangapi?"

"Sijui, mama. Nililala."

"Na mimi pia."

Walitazamana, wakacheka mpaka ikabidi wakae chini. Kisha Mama Fatouma aliacha kucheka. Yeye hakuwa mtoto. Hakuwa mgonjwa. Usiku alilala vizuri. Lakini alisinzia kwenye somo lilelile, saa ileile. Asubuhi ile kulikuwa na jambo gani jipya kwake, ambalo kwa mtoto lilikuwa jambo la kila siku?

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwa jirani yake Florentine. Huyo alikuwa amefanya kazi miaka mingi na wakunga katika hospitali ya mjini, kabla ya kuolewa kijijini. Walimkuta anamenya karanga.

"Nimesikia umeanguka shuleni," Florentine alisema. Kijiji kile habari zilitembea haraka kuliko watu.

"Nimeanguka. Nimekuja kuuliza kwa nini."

"Ulikula nini leo?"

"Kitu hakuna. Nilikuwa naenda kusoma."

"Na Fatouma?"

"Yeye hali kabla ya shule. Anakula akirudi mchana."

Florentine aliacha kumenya. "Tangu chakula cha jana jioni mpaka leo mchana? Na kilima kile katikati? Maman, sikiliza. Usiku ukilala, mwili wako haulali. Moyo unapiga, unavuta pumzi, mutoto anakua. Kazi hiyo yote inakula chakula cha jioni. Asubuhi hakijabaki kingi. Hicho kidogo kinamvusha kijito na kumpandisha kilima, kinamsomesha ubao. Halafu kinaisha. Kichwa nacho kinataka chakula, sawasawa na miguu."

"Donc, basi, ndiyo sababu kusoma anajua na hesabu hajui," Mama Fatouma alisema polepole. "Kusoma kunatangulia."

"Mwalimu akianza na hesabu, Fatouma atakuwa bingwa wa hesabu na hatajua herufi."

Fatouma alicheka, akaiba karanga mbili. Florentine alimwongezea kiganja kizima.

"Nimpe nini? Asubuhi sina muda wa kupika karamu."

"Nani amesema karamu? Chakula cha jana, upashe moto. Maharagwe yaliyobaki, kipande cha samaki wa moshi. Au uji wa mchele wenye karanga za kutwanga. Muhogo peke yake ni kujaza tumbo tu, haumkuzi mutoto. Utie kitu pembeni: karanga, yai, samaki. Na karanga kidogo afunge kwenye kitambaa, atakula wakati wa mapumziko. Akila hivyo na bado anasinzia, usikae. Mpeleke hospitali. Inaweza kuwa minyoo au homa."

Kazi ngumu ilibaki. Nayo ilikuwa imekaa uwanjani ikifagia.

Jumamosi, Assumani aliporudi, Mama Fatouma alieleza yote mbele ya Koko Binti. Assumani alijikuna shingo.

"Mama, kule bwawani hakuna mtu anayepanda juu na tumbo tupu. Kapita, msimamizi wetu, akijua hujala, anakurudisha chini. Wanaogopa utaanguka."

"Wewe unabeba mawe," Koko alijibu. "Mutoto anabeba herufi. Ni kazi mbili. Sisi tulisoma bila kula, na Kurani iko hapa." Aligonga kifua. "Hata neno moja halijaanguka."

Hakuna aliyeweza kubisha, kwa sababu ilikuwa kweli. Mama Fatouma hakubisha. Aliuliza tu, kwa sababu alitaka kujua.

"Koko, chuo cha mzee Alfani kilikuwa wapi?"

"Nyuma ya jiko letu. Ukiita hapa, wanaitikia kule."

"Na mlikuwa mnaanza saa gani?"

"Baada ya sala ya alfajiri."

"Mnatoka saa gani?"

Koko Binti alitabasamu. Alikuwa amerudi mbali. "Jua likichungulia tu. Tulikuwa tunakimbia. Mama alikuwa ametuwekea uji, bado uko moto, unatuunguza ulimi."

"Donc mlikula asubuhi," alisema Mama Fatouma.

Koko aliacha kutabasamu. Alitazama njia ya shule, inayopita kwenye michikichi na kupotea kilimani. Alimtazama Fatouma. Kisha alichukua ufagio na kufagia mahali palipokuwa safi, kwa muda mrefu.

Jumatatu, Mama Fatouma alipoamka, moto ulikuwa unawaka. Koko Binti alikuwa anakoroga uji wa mchele wenye karanga.

"Mbona mnanitazama?" alisema. "Sikuzote nimesema mutoto lazima ale asubuhi. Katika nyumba hii hakuna anayenisikiliza."

Tangu siku hiyo ukaguzi uliendelea, ila ulibadilika.

"Umekula?"

"Ndiyo, Koko."

"Fungua mdomo nione."

Wiki ya kwanza Fatouma alisinzia kidogo tu. Wiki zilizofuata hakusinzia. Mwalimu Hilaire alipofika kwenye hesabu alikuta macho mawili yamefunguka kabisa, yanamtazama, na alishtuka kidogo. Kulikuwa na hesabu nyingi za nyuma ambazo Fatouma hakuwahi kuzisikia. Mwalimu alimbakiza baada ya masomo amfundishe. Karanga za kwenye kitambaa zilisaidia: alizihesabu, akazitoa, akazila. Kutoa alikuelewa haraka sana.

Nyumba moja haikumtosha Koko Binti. Alianza kukaa njiani asubuhi, na sufuria pembeni. Mtoto hakupita bila kuulizwa. Aliyekuwa hajala alinyweshwa uji palepale, na mama yake akapata habari zake kabla ya mchana. Baada ya mwezi mmoja akina mama waliona afadhali kuwapa watoto wao chakula nyumbani kuliko kuitwa na Koko Binti. Florentine alipita jioni nyumba kwa nyumba, akieleza nini kinafaa.

Mwalimu Hilaire alipata tatizo jipya. Zamani, jua likifika magotini, darasa lilikuwa kimya na yeye alifundisha kwa amani. Sasa walimuuliza maswali. Kwa nini mto hauishi maji? Umeme wa bwawa utapitaje kwenye waya bila kumwagika? Jioni alionekana akisoma vitabu vyake kwa haraka, akijitayarisha kwa ajili ya kesho.

Siku ya mtihani wazazi waliruhusiwa kukaa nyuma. Mama Fatouma alikuja akiwa amekula maharagwe na ndizi. Hakutaka kuanguka tena. Koko Binti alikuja pia, amevaa kitambaa cha sikukuu. Mwalimu alimwita Fatouma ubaoni.

"Mvuvi Daudi amevua samaki thelathini na wawili," alisema. Mvuvi huyo alikuwa anawavua samaki walewale tangu shule ilipofunguliwa. "Kumi na watano amewauza sokoni. Wamebaki wangapi?"

Mama Fatouma alishika benchi kwa mikono miwili. Alikuwa amengoja jibu hilo tangu siku aliyoanguka. Hakumwuliza mtu mwingine yeyote. Alitaka kulisikia kwa mwanawe.

Fatouma aliandika. Mbili kutoa tano haiwezekani. Alikopa kumi, akaandika tena, akageuka.

"Kumi na saba."

"Kumi na saba," alisema mwalimu Hilaire, na sauti yake ilikuwa tamu kama zamani. "Nafasi yako inakungoja baada ya likizo."

Mama Fatouma aliachia benchi. Kumi na saba. Alirudia namba hiyo kimyakimya, na ilimkaa vizuri kichwani.

Koko Binti alimwinamia sikioni.

"Mwambie mwalimu atume mutu kwa huyo Daudi," alinong'ona. "Atuwekee wawili. Kesho asubuhi mutoto ale samaki."