Namba ya Gari la Cyrille

Gari dogo la rangi ya fedha liliingia kwenye maegesho ya mkahawa wa Kithai kule Euless, mwendo wa saa nne kutoka Houston, likapita mahali pa kusimama, likaigonga nguzo ya taa. Ilikuwa Jumamosi adhuhuri, mwaka 2018. Kijana aliyeshuka alivaa sare ya buluu ya wauguzi, na hakuna aliyekuwa akimtarajia. Wapishi watatu wakatoka jikoni mbio, mikono ikinuka kitunguu saumu. Alidhani wanakuja kumsaidia. Wakampita, wakachuchumaa mbele ya gari, wakaipiga picha namba yake, kisha wakarudi ndani wakicheka.

"Ai, na hata pole hamsemi?" akajisemea.

"Pole."

Msichana alisimama mlangoni, aproni nyeusi juu ya blauzi ya manjano, trei kifuani kama ngao.

"Kumbe unaongea Kiswahili?"

"Mimi Mrundi, nimekulia kambini Tanzania. Naitwa Elvire. Na wewe Mkenya. Hiyo 'ai' inatosha."

"Lenny. Sasa hao wanapiga picha za nini? Wanataka kunishtaki?"

"Wanakuchezea bahati nasibu. Ya kwao Thailand hutoka tarehe mosi na tarehe kumi na sita, na keshokutwa ni kumi na sita. Gari likipata ajali, namba yake ina bahati. Ukiota nyoka, wanatafuta namba. Mtu akizaliwa, namba. Wana ndugu kule wa kuwanunulia tiketi."

"Na mwenye gari anapata nini?"

"Supu. Akiacha kukanyaga maua ya Mae."

Mae alikuwa mama Somjai, mwenye mkahawa. Kwao neno hilo ni mama, na kila mtu alimwita hivyo. Jumatatu alfajiri matokeo yalifika kwenye simu yake: themanini na tatu, tarakimu mbili za mwisho za gari la Lenny. Mae alikuwa ameweka nadhiri kwenye kijumba cha mizimu kando ya mlango, kwa hiyo akapanga pale mayai ya kuchemsha na soda nyekundu. Lenny alipokuja kulipia nguzo, alikalishwa mezani, akaletewa kuku kwa maziwa ya nazi.

"Mtoto wa bahati," Mae akasema, akimbana shavu. "Una miaka mingapi? Nyumba yako namba ngapi?"

Elvire alicheka hadi trei ikamponyoka.

Mapenzi yao yalikua kwa simu, kwa sababu Lenny alikuwa muuguzi mpya aliyepangiwa zamu ambazo wenzake walizikataa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula biskuti za wagonjwa."

"Mwizi. Njoo, Mae anakuuliza umeota nini."

"Mwambie nimekuota wewe."

"Atauliza nilikuwa na miguu mingapi."

Elvire hakuwa na gari. Kaka yake Cyrille, aliyefanya kazi katika ghala moja la Grand Prairie, ndiye aliyempeleka kazini na kumrudisha. Siku moja Elvire alimuuliza Lenny, "Nikipata safari, nani atanipeleka?"

"Mimi. Popote. Hata kama tumenuniana."

Mwaka uliofuata, Cyrille aligongwa na lori akiwa garini kwenye barabara kuu, akafa. Elvire hakuweza kwenda kwenye yadi yalikovutwa magari yaliyopondeka. Alimtuma Lenny akachukue rozari na viatu vya kaka yake. Lenny alivichukua. Kisha akasimama mbele ya bati lililokunjamana, akatoa simu, akapiga picha ya namba, akamtumia Mae. Na yeye akaomba achezewe namba hiyo.

Msiba ulikuwa nyumbani kwao Grand Prairie. Mama Concilie, mama yake Elvire, alikaa mkekani, ameegemea kabati, wanawake wakisali rozari. Mae akaingia amevaa nguo nyeusi. Akapiga magoti mbele ya picha ya Cyrille, akapanga mayai na soda nyekundu, akaunganisha viganja. Akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba anamshukuru kijana, namba ya gari lake imetoka, na Lenny ndiye aliyewaletea.

"Anasema nini?" Mama Concilie akauliza.

Elvire alimtazama Lenny. Lenny alitazama zulia.

"Anasema alimpenda, mama."

Kwenye baraza Elvire hakupaza sauti.

"Ulipiga picha kabla ya kuchukua viatu, au baada?"

"Baada. Elvire, kwao marehemu akitoa namba ni zawadi. Hela zile nilitaka zimsaidie mama. Nilitaka kifo chake kiturudishie kitu."

"Kifo si duka, Lenny. Hakina chenji."

"Nimeifuta ile picha."

"Kwenye simu yako."

Mama hakuambiwa kamwe, wala zile hela hazikupokelewa. Simu za Lenny ziliita bila kujibiwa, miezi ikapita. Kisha siku moja ujumbe: *Nahamia Houston kwa shangazi Clothilde. Jumamosi. Ulisema utanipeleka.*

Alikuja na lile gari la fedha, bampa bado limebonyea. Elvire alivaa gauni la kijivu.

"Sharti moja," alisema kabla ya kufunga mkanda. "Usiniombe nibaki. Niahidi."

"Nakuahidi."

Walipita mkahawani kuaga. Wapishi wakatoka. Mmoja, kwa mazoea, aliinua simu kuelekea gari. Mae akaushusha mkono wake polepole, kisha akamkumbatia Elvire kwa muda mrefu, hakumuuliza ameota nini.

Njiani malisho yalipita pande zote mbili, makavu.

"Nimekusamehe, nataka ujue," Elvire alisema walipokuwa mbali. "Ila nikikutazama naona bati. Najua ulikuwa na nia njema. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi."

Lenny alishika usukani. Alikuwa na maneno. Alikuwa ameyapanga tangu siku ya msiba.

Houston joto lilikuwa zito kama blanketi bichi. Lenny akabeba masanduku hadi mlangoni kwa Clothilde. Elvire akashika kitasa, hakukizungusha. Aligeuka, akamtazama, midomo ikiwa wazi kidogo, akasubiri. Neno moja lingetosha, na wote wawili walilijua.

"Msalimie shangazi," Lenny akasema.

Elvire akatikisa kichwa taratibu.

"Umetimiza ahadi," alisema, akaingia ndani.