Taa Iliyoamshwa kwa Pupa

"Hajazaliwa muuzaji wa kuniuzia mimi kitu kibovu!"

Ndivyo nilivyokuwa nikijitapa kila asubuhi pale bombani, povu la dawa ya meno likinitoka mdomoni, huku mdogo wangu akisubiri zamu yake ya kunawa.

"Na hivyo viatu vyako vilivyoachama?" aliniuliza siku moja.

"Hivi alinunua mama. Mimi sihusiki."

Tangu mjomba aniachie kamera yake ya zamani, nilikuwa nikijiita mpiga picha. Nje, kwenye jua, picha zangu zilikuwa na afadhali. Ndani ya nyumba kila mtu alitoka giza tupu, kama amepigwa picha ndani ya gunia. Nilihitaji taa ya studio, ile inayomulika ghafla kama radi. Mpya hatukuiweza, kwa hiyo mama, ambaye ni fundi cherehani, akanipa akiba yake yote nikanunue iliyotumika.

Mtaa wa pili alikuwapo Mama Studio. Alikuwa amewapiga picha watu wetu wote, tangu wakiwa wachanga mpaka wakioa. Sasa macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, naye alikuwa akiuza baadhi ya vifaa vyake ili akafanyiwe upasuaji. Aliichomeka taa, akaipiga mara moja kwa nguvu ndogo. Ukuta wote ukang'aa.

"Sasa nisikilize, mwanangu," alisema. "Hii imelala kabatini miaka mitatu. Ndani yake kuna kitu cha kuhifadhi umeme, na kimelegea kwa kukaa bure. Wiki nzima uichomeke saa moja kila siku, nguvu ya chini kabisa. Uiamshe taratibu. Ukiipa nguvu zote leo..."

"Naelewa, mama. Nimeona video."

"Video ya taa hii?"

"Taa zote ni taa, mama."

"Ngoja kwanza, sijamaliza!"

Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni na boksi langu.

Nyumbani, watoto wa jirani walikuwa wamejipanga sebuleni, nywele zimechanwa, wananikodolea macho. Ningewaambiaje wasubiri wiki? Nikazungusha kitufe mpaka mwisho. Nikapiga ya kwanza, nikapiga ya pili. Ya tatu, taa ikalia "pwaa!", ikatoa moshi na harufu ya plastiki iliyoungua.

"Imekufa?" mdogo wangu akauliza.

"Funga mdomo."

Mama aliingia mbio, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. "Kumetokea nini?"

Ukweli ungekuwa sentensi moja tu. Nikachagua nyingine.

"Mama Studio ameniuzia taa mbovu. Alijua!"

Mama hakuuliza mara ya pili. Alinishika mkono, tukaenda, mdogo wangu akitufuata nyuma. Studio ilikuwa na wateja wanne wanaosubiri picha za pasipoti.

"Unamwibia mtoto?" mama akafoka kabla ya salamu. "Macho hayaoni, ila pesa unaziona!"

Mama Studio aligeuza uso upande wangu, akanikosa kidogo, akawa anazungumza na kabati lililo kando yangu. "Mwanangu, uliiamsha taratibu kama nilivyokuambia?"

"Hukuniambia kitu," nikasema.

Wateja wawili wakanyanyuka, wakatoka. Mama Studio akavuta droo, akazipapasa noti moja moja kwa vidole, akampa mama zote.

"Miaka thelathini niko hapa," alisema. "Sitaki kugombana. Hospitali itasubiri."

Chumba kile kilikuwa na meza ya pili, ya fundi simu. Sijamtaja mpaka sasa kwa sababu siku ya kununua taa sikumhesabu kuwa mtu. Aliweka bisibisi chini.

"Dada, rudisha hizo pesa," akamwambia mama. "Huyu binti nilimsikia kwa masikio yangu. Aliambiwa wiki nzima, nguvu ya chini. Akajibu ameona video. Mama wa watu aliita 'ngoja' mpaka binti akapotea."

"Ni kweli?" mama akaniuliza.

Niliinamia viatu vyangu vilivyoachama.

Mama alizirudisha pesa kwa mikono miwili na kuomba radhi. Mama Studio alizipokea, akazirudisha kwenye droo. Afadhali angenitukana.

"Taa ilete, nitaibadilishia hicho kilichoungua," fundi aliniambia. "Utailipia kwa kufagia hapa kila jioni. Kuharibu kitu kwa kutosikiliza ni kosa la mtoto, linatengenezeka. Lakini wale wawili wameondoka wakiamini mama huyu ni mwizi, na watawaambia wengine. Uongo wako unatembea sasa hivi, na mimi sina spea yake."

"Ataufuata mwenyewe," mama akasema. "Mlango kwa mlango."

Kesho yake nilianza, mdogo wangu akiwa nyuma yangu kwa amri ya mama. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mmoja wa wale wateja.

"Shikamoo. Jana pale studio kulitokea... kutoelewana kidogo kuhusu taa..."

"Hapana," mdogo wangu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Alidanganya. Mimi nilikuwepo."