Nusu ya Chaki

Ofisi ya vyeti vya walimu ilifurika watu, na mwalimu mgeni alibanwa ukutani, gauni lake la kijani likikunjamana. Kwao alikuwa amefundisha miaka mingi. Huku bado hajawa mwalimu. Vyeti vyake vilikwisha kukubaliwa, likabaki somo moja la majaribio mbele ya mkaguzi. Akianguka, kibali cha kuishi kinakwisha, naye afungashe virago.

"Kitendawili," alisema mwanamume aliyebanwa kando yake, shati jeupe, vumbi la chaki kwenye kola.

"Tega," akajibu, akijizuia kucheka.

"Kila nikisema, napungua."

"Chaki. Hicho cha watoto, kaka."

Kumbe alikuwa mkaguzi wa masomo. Tangu siku hiyo simu hazikupoa.

"Umekula, mwalimu?"

"Usiniite mwalimu, sijaruhusiwa."

"Kwangu umeruhusiwa zamani, mpenzi."

Ratiba ilipotoka, wa kumkagua alikuwa yeye. Mwalimu akalala usingizi mnono. Lakini siku moja kabla ya somo, katibu wa ofisi akapiga simu.

"Dada, mkaguzi wako amelikataa darasa lako. Atakuja mwingine."

"Kwa nini?"

"Sijui, dada. Amesema tu hawezi."

Akampigia. Simu ikaita, ikaita, ikakatwa. Moyo ukafa ganzi. Ananionea haya, aliwaza. Anajua nitaanguka.

Darasani alimkuta mkaguzi mpya, mama wa makamo, miwani puani, uso mkavu kama ubao. Somo lilikuwa hesabu za sehemu. Alipoanza kuandika, chaki ikakatika, vicheko vikazagaa. Akaviokota vile vipande viwili, akaviinua juu.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," darasa zima likaitika.

"Nilikuwa na moja, sasa ninazo mbili, wala sijaongezewa kitu."

Mikono ikajaa hewani. "Nusu, mwalimu. Ni nusu mbili."

Kutoka hapo aliwachukua mpaka robo na thumni, na yule mama akasahau kuandika.

"Umepita," alimwambia mlangoni. "Sasa kamwone yule pale langoni, asije akaota mizizi."

Mkaguzi alisimama langoni, shati limelowa jasho.

"Ulinikimbia," mwalimu alisema. "Na simu ukanikatia."

"Nilikatazwa kuzungumza nawe mpaka matokeo."

"Na darasa langu, nani alikukataza?"

"Kitendawili."

"Leo sina hamu navyo."

"Kimoja tu."

"Tega, basi."

"Nawakagua wote, mmoja tu siruhusiwi."

"Adui yako."

"Sivyo."

"Nimeshindwa. Chukua mji wowote unaoutaka."

"Nautaka huo unaokaa wewe. Niliwaambia ofisini siwezi kumkagua mwanamke ninayetaka kumwoa."

"Ukawaambia wao kabla yangu?"

"Ndiyo maana nakuuliza sasa, ukiwa umepita bila mkono wangu."

Mwalimu aliingiza mkono mfukoni, akatoa vile vipande vya chaki. Kimoja akakirudisha. Kingine akakiweka kwenye kiganja cha mkaguzi, akamfunga vidole.

"Shika nusu yako," akasema.